Daftari la Mguu wa Mzee Amiri

1 Oktoba, Jumanne

Nesi Yustina amenipa daftari hili. Kila siku niandike mambo matatu: kidonda cha mume wangu kikoje, kinanuka au hakinuki, na nani amekifunga. Hakusema nisiandike mengine, kwa hiyo nitaandika. Darasa la nne nilimaliza, na hati yangu inasomeka kuliko ya yule daktari wa mjini.

Mimi ni Somoe, mke wa Mzee Amiri. Mume wangu ana kisukari. Mwezi wa nane kandambili ilimchubua chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia. Hakusikia maumivu, akatembea na kidonda siku tisa mikoroshoni, mpaka nilipoona damu mkekani. Daktari alisema tumrudishie huo mguu tarehe 10 Desemba. Kidonda kikiwa kinaziba, vizuri. Kikiwa kimeoza, anakata. Alionyesha kwa kiganja chake mahali pa kukata, na si kidoleni, ni chini ya goti. Mume wangu alitoka pale anacheka, akaniuliza kiatu kitakachobaki nitampa nani. Mimi sikucheka.

Nesi yuko peke yake zahanati, na vijiji vitatu vinamgoja yeye. Atakuja kila Jumanne, siku nyingine nifunge mimi. Nilidhani ataniachia pamba aende zake. Kumbe. Alinisimamisha ninawe mbele yake. Akasema bado. Nikanawa tena. Akasema kucha. Mara ya tatu akanivua pete ya ndoa, ambayo haijatoka tangu mume wangu ana nywele. Mimi ni kungwi, nimewafunda wanawali zaidi ya arobaini, leo mtoto wa Bukoba ananifunda kunawa. Nilinawa kwa ajili ya mguu.

Halafu akaniambia, "Bibi, kazi nakupa wewe, lakini kidonda bado ni changu. Kikiharibika naulizwa mimi. Usimpe mtu mwingine akifunge kabla sijamfundisha."

Alitaka amfundishe na Mwanaidi, mkamwana wangu, siku moja, tuwe wawili. Nikamwambia haina haja. Mguu wa mume wangu si kinu cha ujirani, kila mtu anakuja kutwanga.

Kidonda: sawa na kizibo cha soda. Hakinuki. Nimefunga mimi.

2 Oktoba

Hakinuki. Nimefunga mimi. Nesi ati nikishanawa nisijifute na kanga, nipunge mikono hewani mpaka ikauke. Nimepunga leo, mume wangu akauliza nafukuza nzi gani.

3 Oktoba

Hakinuki. Nimefunga mimi.

5 Oktoba

Mwanaidi ni mke wa mwanangu Chande. Chande anapakia mizigo Bandari ya Mtwara, analala Rahaleo, anakuja huku kijijini mwisho wa wiki. Mkewe yuko hapa na mimi. Si mtoto mbaya, ila ni mzito. Ukimtuma maji, kwanza anasuuza ndoo, halafu anasuuza kata, halafu anaitazama ndoo. Nikamwambia leo ukiendelea hivyo mgonjwa atakufa kwa kiu akiwa msafi. Akasema, "Ndiyo mama." Kila kitu ndiyo mama.

Hakinuki. Nimefunga mimi.

8 Oktoba, Jumanne

Nesi amefurahi, kidonda kimepungua ukingo. Lakini hawezi kuondoka bila kunitia adabu. Ameona kopo ambalo naweka vidonge vya sukari vya mzee pamoja na vyangu vya presha. Akavimwaga vyote mkekani, akaniambia nichague vyake. Nikachagua. Vitatu vilikuwa vyangu. Sasa kuna makopo mawili, la kwake limefungwa kitambaa chekundu, na kabla ya kumpa nataja jina lake kwa sauti kama karani wa mahakama. Mzee anaitika, "Nipo, mheshimiwa."

Tumetengeneza na kibuyu chirizi mlangoni. Ni dumu lililotundikwa, unakanyaga kijiti, maji yanachirizika, hushiki kitu. Sabuni nimeifunga kwenye kamba ili majirani wasiondoke nayo.

11 Oktoba

Ijumaa, wageni. Wote wametoka msikitini, wote wanataka kumpa mgonjwa mkono, na wifi yangu akainama afunue bandeji aone. Nikamwambia kidonda si maiti kwamba kila mtu aage. Aliyenawa akae, asiyenawa akampe pole akiwa barazani. Wifi kanuna, kaondoka na samaki wake alioleta. Mzee kasikitika. Kamsikitikia samaki.

Hakinuki. Nimefunga mimi.

14 Oktoba

Korosho zimeanza kudondoka. Hakinuki.

17 Oktoba

Nimemfumania mume wangu nyuma ya jiko anakula mabibo, mawili kashamaliza, la tatu mkononi, maji yanamtiririka mpaka kiwikoni. Nikamuuliza hiyo sukari anampelekea nani. Akasema alikuwa anaondoa korosho tu, lile bibo likamwingia mdomoni lenyewe. Miaka sabini na mbili. Nilitaka kucheka nikaenda kuchekea kisimani.

Hakinuki. Nimefunga mimi.

22 Oktoba, Jumanne

Kidonda sasa ni sawa na korosho iliyobanguliwa. Nesi amemtoboa mzee kidole, akapima, akasema sukari imeshuka. Kanywa chai kwangu bila sukari, kwa adabu.

Akauliza tena kuhusu Mwanaidi. Akasema msimu wa korosho unaanza, mikono yangu miwili haitatosha. Nikamwambia mikono hii imelea watoto saba.

29 Oktoba, Jumanne

Safi. Nesi kaandika mwenyewe hapa pembeni: vizuri sana bibi. Nimemwonyesha Mwanaidi.

31 Oktoba

Abbasali wa duka la mjini anamwoza binti yake Rubab. Anataka ndoo nne za korosho zilizobanguliwa, na anataka zangu, kwa sababu zangu hazivunjiki. Ametuma salamu kwa Chande. Hilo ni jambo la heshima, hata vikongwe wenzangu wamesikia.

Leo tumekaanga. Atakayesoma na si wa huku ajue: ganda la korosho lina mafuta, na mafuta yale ni moto bila moto, yakikugusa ngozi laini inababuka. Ndiyo maana anayebangua anajipaka majivu mikononi. Viganja vyangu vimebangua miaka sitini, ni soli ya kiatu, havisikii kitu.

Hakinuki. Nimefunga mimi, jioni.

1 Novemba

Ndoo nusu. Nimefunga mimi.

2 Novemba

Ndoo moja. Mgongo unauma. Nimefunga mimi, haraka. Nimenawa kwa sabuni mara tatu, nesi asije kusema.

3 Novemba

Leo sikuweza hata kuinuka pale kwenye korosho. Nimemwambia Mwanaidi akafunge yeye, ameona mara ngapi. Akaniambia, "Mama, nesi hajanifundisha." Nikamwambia mimi ndiye nimekutuma. Akaenda.

Amefunga Mwanaidi.

4 Novemba

Nimefunga mimi. Ukingo mwekundu kidogo. Labda taa.

5 Novemba, Jumanne



Nesi amefungua bandeji. Pembeni ya kidonda kuna malengelenge, mengine yamepasuka, ngozi imekuwa nyeusi mpaka kwenye unyayo. Kidonda ambacho kilikuwa punje ya korosho kimerudi kizibo cha soda na zaidi. Mzee anatuangalia, hasikii chochote, ndiyo ubaya wa ugonjwa huu. Akauliza, "Kwani vipi?"

Nesi akasema ngozi hii haikuoza yenyewe, imeunguzwa. Akauliza nani amefunga tangu Jumanne iliyopita. Daftari analo mkononi, angeweza kusoma, lakini aliuliza.

Nikasema, "Mwanaidi."

Akauliza kama tumebangua. Nikasema tumebangua wote, lakini mimi nimenawa kwa sabuni, na Mungu ananiona. Akamgeukia Mwanaidi, akamuuliza naye alinawaje. Mwanaidi akasema alinawa kwenye kibuyu chirizi. Kisha akanitazama mimi. Si kwa jeuri. Alinitazama tu, akainama.

Nesi hakumfokea. Alisema kosa la kwanza ni lake yeye, angesisitiza kumfundisha mtu wa pili. Mimi ndiye niliyefoka. Nimefoka mbele ya nesi, mbele ya mume wangu, na jirani akiwa uani. Nimesema nimempa kazi ya siku moja tu akauunguza mguu wa baba mkwe wake. Nimesema waliomfunda unyagoni walikuwa wanapiga ngoma tu.

Nesi kaacha dawa nyingine. Kasema wekundu ukipanda mpaka kifundoni tusingoje Jumanne, tumkimbize mjini siku hiyohiyo. Na tarehe 10 Desemba haisogei.

6 Novemba

Mwanaidi ameondoka asubuhi kwenda kwao Ufukoni. Aliacha maji yamejaa na ndoo zimesuuzwa. Nimefunga mimi. Kina majimaji.

7 Novemba

Nimefunga mimi. Kina harufu kidogo. Mzee ameacha mzaha.

8 Novemba

Nimebangua ndoo ya tatu peke yangu. Nimenawa mpaka sabuni imeisha. Nimefunga mimi. Lengelenge jipya, upande wa ndani.

Jipya. Na Mwanaidi hayupo.

9 Novemba

Ukurasa huu nitaugandisha.

Asubuhi shingo inaniwasha. Nikashika, nikaona maji. Nikachukua kioo cha Mwanaidi. Shingo yangu upande wa kushoto ina malengelenge manne, yaleyale, meusi pembeni. Mafuta ya korosho shingoni yamefuata nini? Mimi sibangui kwa shingo.

Nikakaa chini. Nikafanya kazi yote upya kwa mawazo. Nabangua, kanga iko mapajani, nafutia majivu. Jasho likija nafuta shingo kwa kanga hiyohiyo. Nikimaliza naenda mlangoni, nakanyaga kijiti, nanawa kwa sabuni, mara tatu, kucha, kila kitu. Halafu najifuta kwa kanga. Halafu nashika bandeji.

Nilipunga mikono hewani siku ya kwanza tu, kisha nikaona upuuzi.

Viganja vyangu ni soli, havikuniambia. Mguu wa mume wangu hausikii, haukuniambia. Shingo ndiyo imesema.

Nimefunga mimi tarehe 31, tarehe 1, tarehe 2, tarehe 4. Mwanaidi siku moja tu. Na yule mtoto hajifuti na kanga, ninamjua, anasimama kama mlingoti mpaka akauke, ndiyo uzito wake ule ninaomsema.

Nimepaka ugali wa muhogo ukingoni mwa kurasa hizi mbili. Nesi anasoma kila Jumanne. Mimi ni kungwi.

10 Novemba

Kanga nimeitupa shimoni, nyingine nimeichemsha. Leo sikubangua. Nimenawa, nikapunga mikono mpaka ikakauka. Nimefunga mimi. Harufu imepungua.

12 Novemba, Jumanne

Hakuna lengelenge jipya. Nesi alifungua daftari, akafika kwenye kurasa zilizogandana. Akazipima kwa kidole. Nikasema ugali umemwagika. Akasema, "Sawa bibi."

Halafu akaniona najikuna shingo, akaniambia nivute ushungi. Nikavuta. Akaiangalia shingo yangu kwa muda, akanawa, akaipaka dawa taratibu kama anapaka mtoto. Hakuuliza lolote. Alipomaliza alinawa tena.

Heri angenitukana.

15 Novemba

Nimekwenda Ufukoni.

Nilimwacha mzee na jirani, nikapanda gari la asubuhi, nikafika kwao Mwanaidi saa nne. Nilikuta watu: mama yake, shangazi yake, na wanawake wawili wanasuka mikeka. Wakanikaribisha, wakaleta maji ya kunawa kwenye bakuli. Nikawaambia wanimiminie juu ya mikono, bakuli sinawi siku hizi. Wakatazamana.

Mama yake alianza vizuri. Alisema amesikia binti yake amekosa, naye yuko tayari kumwombea radhi. Alikuwa ameshapiga magoti nusu. Mwanaidi amesimama mlangoni, macho chini.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu kwenye gari. Nilitaka kuzungukazunguka, niseme mambo ya msimu, niseme uchovu. Nikaona yule mama na goti lake moja chini, maneno yote yakakimbia.

Nikasema, "Inuka, mama Mwanaidi. Mkono uliounguza ni wangu. Nilijifuta na kanga ya kubangulia. Mwanao hana kosa, na mimi nimemsema mbele za watu, ndiyo maana nasema na hapa mbele za watu."

Wale wasuka mikeka waliacha kusuka kabisa. Hiyo habari imeshafika Mikindani nadhani.

Nikavuta ushungi wakaona shingo. Kisha nikamuuliza Mwanaidi kama alijua. Akasema alijua tangu siku ile ya Jumanne, aliiona kanga mapajani mwangu.

"Sasa mbona hukusema?"

Akafikiri, kwa uzito wake uleule. "Ningesema, mama, ungesikia?"

Nikaurudisha ushungi shingoni.

Akasema atarudi, lakini kwa masharti. Nesi amfundishe yeye mwenyewe, kuanzia mwanzo. Na siku ambayo anafunga yeye, mimi nisikae mlangoni kusimamia. Shangazi yake akamkemea, ati mkamwana hampi mkwe masharti. Nikamwambia shangazi atulie, sharti limeshapokelewa.

Tumerudi wote jioni. Mzee alipomwona akamuuliza kama kamletea mabibo.

19 Novemba, Jumanne

Nesi amemfundisha Mwanaidi. Nilikaa jikoni kama nilivyoahidi, mlango wazi. Mara ya kwanza tu akapita. Mimi nilinawa mara tatu siku ile, yeye mara moja. Nesi akasema afadhali mtu mzito kwenye kidonda kuliko mwepesi. Nilisikia, hata kama walidhani sisikii.

Nimewaza jambo. Unyagoni kwetu mwali hafundwi na asiyefundwa. Hata awe mkubwa, hata awe ndugu wa kungwi, hapewi kazi mpaka somo wake amthibitishe, na mwali akiharibika anaulizwa somo. Miaka yote nimeisimamia sheria hiyo. Mtoto wa Bukoba kaja nayo mlangoni kwangu, sikuitambua kwa sababu ilikuwa imevaa gauni jeupe.

Sheria yetu mpya: anayebangua siku hiyo hafungi, anayefunga habangui.

20 Novemba

Amefunga Mwanaidi. Hakinuki.

21 Novemba

Nimefunga mimi. Hakinuki.

23 Novemba

Ndoo ya nne imekwisha. Abbasali kamtuma Chande aseme hajawahi kuona korosho nzima namna ile, tena tumealikwa harusini. Nitakwenda na Mwanaidi. Amefunga Mwanaidi.

27 Novemba

Mvua ya kwanza. Imenyesha tangu alfajiri, uwanja wote umelowa, vyura wamepata kazi. Mzee alitaka kutoka peku akanyage udongo, amezoea kila mwaka. Mwanaidi akasimama mlangoni, akamwambia, "Baba, viatu." Mzee akanitazama mimi nimtetee. Nikatazama mvua.

Kidonda kimerudi punje ya korosho. Nyama nyekundu, safi. Nimefunga mimi.

3 Desemba, Jumanne

Punje ya hindi. Nesi katabasamu lakini hakusema kitu, anaogopa kusema kabla ya daktari. Na mimi naogopa.

9 Desemba

Hakinuki. Amefunga Mwanaidi. Mzee kanyoa ndevu. Kasema kama wanakata, wamkate akiwa nadhifu. Nimemwambia anyamaze alale.

10 Desemba, Jumanne

Tumekwenda mjini wanne: mzee, mimi, Mwanaidi na Chande. Daktari alikuwa na haraka. Alikuja anavaa glavu huku anaongea na mtu mwingine, glavu moja ikaanguka chini, akainama akaiokota akaanza kuivaa. Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo imeshaanguka." Chande akaangalia dari. Daktari akaitazama ile glavu, akaitupa, akanawa, akavaa mpya. Hakukasirika. Akaniuliza mimi ni nani, nikasema mimi ni msaidizi wa Nesi Yustina.

Kisha akaushika mguu. Akaubonyeza, akaunusa, akaugeuza, akachukua rula yake. Mimi nilikuwa natazama kiganja chake tu, kama kitakwenda tena chini ya goti. Hakikwenda. Akasema kidonda ni milimita nne na kinaziba, hana cha kukata hapa, tuendelee hivyohivyo na turudi mwezi wa pili.

Mume wangu akaniambia, "Basi viatu vyote viwili ni vyangu." Safari hii nilicheka, mpaka ushungi ukalowa machozi.

17 Desemba, Jumanne

Punje ya mtama. Amefunga Mwanaidi.

Nesi anaomba daftari. Kuna nyumba tano zina wagonjwa wa kisukari kwenye vijiji vyake, anataka wakisomewa wajifunze. Nikamwambia nitampa Jumanne ijayo, kuna mahali pa kusafisha.

24 Desemba, Jumanne

Kidonda kimeziba tangu juzi. Kuna ngozi mpya, ya waridi, nyembamba kama ganda la kitunguu. Leo hakuna wa kufunga. Mwanaidi alikwenda kunawa kwa mazoea, akarudi amesimama na mikono hewani, inakauka, hana pa kuipeleka. Nikampa mwanasesere wa mtoto wa jirani, nikamwambia afunge huyo.

Asubuhi nilifikiria kuzichana zile kurasa mbili. Zingechanika vizuri, hakuna ambaye angejua. Badala yake nimeweka birika motoni, nikazishika juu ya mvuke mpaka ugali ukalegea. Zimebaki na madoa, wino umetanda kidogo, lakini maneno yanasomeka. Wasome. Tena wazisome hizo kwanza.

Halafu nimerudi tarehe 5 Novemba, pale nesi alipouliza nani amefunga nami nikajibu jina moja. Sikulifuta. Chini yake nimeandika kwa herufi kubwa, kama tulivyofundishwa darasa la kwanza: SOMOE.

Nesi yuko mlangoni, ananawa. Nakwenda kumpa.